Fidia kwa Eka, Mauzo kwa Mita za Mraba

Kwa mthamini, mkorosho si mkorosho tu. Kuna mchanga, kuna unaoanza kuzaa, kuna uliokomaa na kuna uliozeeka, na kila mmoja una bei yake kwenye jedwali. Mwaka 2003, nikiwa na miaka 37, nilikuwa navuka na pantoni kila asubuhi kwenda ng'ambo ya Kigamboni kuihesabu mikorosho hiyo shamba kwa shamba, ubao wa kuandikia kifuani na kalamu mbili mfukoni. Sasa nimestaafu. Nimethamini hoteli, viwanda, maghala na nyumba za marehemu walioacha warithi wasiosemezana. Lakini kazi ninayoikumbuka mti kwa mti ni ile ya mikorosho ya Kibada.

Ulikuwa Mradi wa Viwanja 20,000. Vijana wa leo wanayajua majina: Bunju, Boko, Mbweni, Mivumoni, Buyuni, Mwanagati, Tuangoma, Kisota, Mwongozo, Gezaulole, Kibada. Wanajua kwamba huko nyumba zimejipanga na barabara zimenyooka. Wengi hawajui kwamba maeneo hayo yote yalizaliwa na mkopo mmoja, na kwamba mkopo huo ulilipwa na ardhi yenyewe.

Nieleze hali ilivyokuwa. Sensa ya mwaka 2002 iliikuta Dar es Salaam na watu takribani milioni 2.5. Kiwanja kilichopimwa kilikuwa kitu cha kuomba na kusubiri, na mtu aliweza kusubiri mpaka akazeeka. Ofisini kwetu mafaili ya maombi yalikuwa yamefungwa kwa kamba na kupangwa sakafuni, maana kabati zilikwisha jaa. Aliyechoka kusubiri alikwenda kwa mwenye shamba, akakatiwa kipande kwa kupima hatua, mjumbe akashuhudia, akajenga. Jirani yake akafanya vivyo hivyo. Baada ya miaka 5 pana nyumba 300 na hapana pa kupitisha gari la zimamoto wala jeneza. Hapo ndipo watu huanza kuomba barabara, na barabara katika mtaa uliokwisha kujengwa maana yake ni kubomoa.

Wazo la mradi lilikuwa kuugeuza mpangilio huo: barabara kwanza, nyumba baadaye. Fedha zilitoka Hazina, shilingi bilioni 8.9, nazo hazikuwa ruzuku. Zilikuwa mkopo. Wizara ya Ardhi ingelipa fidia kwa wenye mashamba, ingechora ramani, ingepima, ingefungua barabara, halafu ingeuza viwanja na kurudisha fedha Hazina. Katika kikao cha kwanza cha kazi, mkubwa wetu mmoja aliandika ubaoni maneno matatu: ARDHI ITALIPA YENYEWE. Akayapigia mstari mara mbili.

Sisi tuliokulia kazini tulikuwa na sababu ya kutia shaka. Miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, jiji lilipima na kuhudumia viwanja vya Sinza, Kijitonyama na Mikocheni. Kazi ilikuwa nzuri. Hata leo ukiingia Sinza unaona mkono wa mtu aliyechora kabla ya kujenga. Lakini wananchi walitakiwa kurudisha gharama za huduma kidogo kidogo wakiwa tayari wanaishi humo, na makusanyo yakawa hafifu. Mwenye nyumba akishaingia ndani, nani atamtoa kwa deni la mfereji? Kwa hiyo safari hii sharti likawa jingine: unalipa kwanza, ndipo unapewa barua ya toleo.

Kazi yangu ilikuwa ile ya mwanzo kabisa, ya kabla ya jiwe la kwanza la mpaka kuchimbiwa. Tulikuwa timu ndogo: wathamini, wapima, mtendaji wa mtaa, mjumbe, na vijana wa kufyeka mikuza ili mashine ya kupimia ione kutoka nondo hadi nondo. Tulikuwa tukianza na mkutano chini ya mwembe. Wazee mbele, kina mama upande wao, watoto wakining'inia matawini. Mtendaji anafungua, mpima anaeleza, halafu zamu inanifikia mimi, na maswali yote yananiangukia, kwa sababu mimi ndiye niliyebeba bei.

Nilikuwa na jambo la kuwaambia, na nililisema kwa fahari. Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999 ilikuwa imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2001. Kabla yake, ardhi tupu haikuhesabiwa kuwa na bei. Ulilipwa ulichokiongeza juu yake: mti, nyumba, kisima. Udongo ulikuwa wa umma, na umma haukuulipia. Sheria mpya ilisema haki ya mtu katika ardhi ina thamani, na thamani hiyo izingatiwe. Tena fidia iwe kamili, ya haki, na itolewe kwa wakati. Kanuni za mwaka 2001 zilitutaka tufuate bei ya soko. Mzee mmoja alisimama, akavua kofia yake ya kiua, akaniuliza: "Mama, yaani Serikali leo inalipa mpaka mchanga?" Nikamjibu, ndiyo baba, inalipa mpaka mchanga. Watu wakapiga makofi. Nami nilijisikia kama mtu aliyeleta habari njema, na kweli zilikuwa njema.

Kanuni zile nilizishika kwa moyo, na hata sasa naweza kuzitaja. Bei ya soko ya ardhi na vilivyomo. Posho ya usumbufu, inayokokotolewa kwa kiwango cha riba ya akaunti ya muda maalumu. Posho ya usafiri, gharama ya kuhamisha tani 12 za mizigo kwa umbali wa kilomita 20. Posho ya makazi, kodi ya pango ya miezi 36. Faida iliyopotea, nayo ya miezi 36, kwa mwenye biashara. Malipo yakichelewa kupita miezi 6, riba inaongezeka. Na palipo na makaburi, sheria yake ni nyingine, ya mwaka 1969, na utaratibu wake ni wa taratibu na wa heshima. Sitausahau ule mchana ambao familia nzima ilikaa kimya pembeni ya makaburi saba, nami nikiandika idadi.

Ilikuwa pia kanuni kwamba ardhi isiyokaliwa haipati posho ya usafiri, wala ya makazi, wala ya faida iliyopotea. Ina mantiki: asiyekaa pale hana mzigo wa kuhamisha. Mantiki hiyo ndiyo niliyokwenda nayo kwa bibi yule.

Simtaji jina. Alikuwa Mzaramo wa palepale, mjane, anaishi kwa binti yake Mjimwema na kuja shambani kwa miguu. Shamba lake lilikuwa eka tatu hivi, mchanga mweupe, mikorosho 41, minazi 9, mihogo katikati, na mwembe mmoja mkubwa ambao wapita njia wote walikuwa wakipumzikia. Alituandalia madafu kabla hatujaanza kuhesabu. Alinifuata mti kwa mti, akinieleza upi ulipandwa mwaka gani na nani. Nilipouandika mkorosho mmoja kuwa umezeeka, alinishika mkono. "Mwanangu, huu ulinisomeshea mtoto. Unauandika mzee?" Nikamwambia jedwali linataka umri. Akaniachia mkono.

Tulipomaliza aliomba aone mchoro. Si wengi waliokuwa wakiomba. Nikaukunjua juu ya kapu lililofudikizwa, nikamwonyesha kwa kidole. Barabara pana ya mradi ilipita katikati kabisa ya shamba lake, na kila upande wa barabara pana viwanja, mstari mrefu. Aliutazama muda mrefu kuliko nilivyotarajia kwa mtu asiyejua kusoma.

"Hii njia ndiyo itakayofanya hapa pawe mji?"

"Ndiyo, bibi."

"Na njia imepita kwangu."

"Ndiyo."

"Sasa hawa watakaokaa kandokando yake, watapata mji. Mimi niliyetoa njia nitapata nini?"

Nikamweleza fidia. Nikamweleza bei ya soko, nikarudia yale maneno ya sheria, kamili, ya haki, kwa wakati. Alinisikiliza kwa adabu yote. Kisha akasema: "Basi nikatieni kimoja pale penye mwembe. Hizo pesa zingine bakini nazo, mtengenezee njia."

Maneno hayo nilipaswa kuyaandika. Sikuyaandika, kwa sababu fomu haikuwa na mahali pa kuyaweka. Nilimjibu nilivyoelekezwa: kwamba wenye mashamba wangepewa nafasi ya mbele katika kununua viwanja, na kwamba akishapata fidia yake angeweza kuitumia kununua kama mwananchi mwingine. Aliweka dole gumba. Fidia yake ilitoka ndani ya muda, kiasi kilekile nilichokikokotoa, na hakuna aliyemdhulumu senti. Lakini hakununua kiwanja. Alinunua shamba jingine kusini zaidi, mbali na njia, kwa sababu pesa ya eka tatu za shamba ilitosha kununua shamba, na haikutosha kununua mji na wakati huohuo kumlisha.

Ilinichukua miaka kuliweka jambo hili katika lugha ya kazi yangu, nalo ni hili: tulilipa fidia kwa eka, tukauza kwa mita za mraba. Eka moja ni mita za mraba 4,047. Niliithamini ardhi yake kwa bei ya soko la mashamba ya Kibada ya mwaka ule, soko la mahali pasipo na barabara, kwa sababu siku ile barabara haikuwepo. Siku iliyofuata mchoro ukapitishwa, na udongo uleule ukaingia katika soko jingine. Thamani iliyoongezeka kati ya siku hizo mbili ilitokana na mstari wa wino uliopita juu ya shamba lake.

Nisieleweke vibaya. Tofauti ile haikwenda mifukoni mwa watu. Ndiyo iliyowalipa wapima na vibarua, na kununua saruji ya mawe ya mpaka. Ndiyo iliyoleta greda.

Na greda lile nililiona. Niliomba ruhusa siku hiyo, nikavuka na pantoni la asubuhi kana kwamba nakwenda harusini. Lilianza upande wa barabara ya zamani na kusonga taratibu, likifuata vigingi vyenye vitambaa vyekundu, na nyuma yake ukabaki uwazi ulionyooka mpaka macho yanakoma. Hapakuwa na nyumba hata moja. Hapakuwa na alama ya X nyekundu ukutani mwa mtu, wala mama aliyeketi juu ya magodoro yake nje. Mimi niliyekwisha kuona bomoabomoa nyingi katika kazi yangu, nilisimama pale na machozi yakanitoka. Ilikuwa barabara ya udongo tu, bila lami wala mfereji. Lakini ilikuwa imekaa mahali pake kabla ya mtu yeyote kuhitaji kuondoka, na hilo katika Dar es Salaam lilikuwa jambo jipya.

Kuhusu mauzo nitasema kwa ufupi. Fomu zilipotoka watu walipanga foleni tangu usiku. Bei ilikwenda kwa mita ya mraba na kwa eneo, viwanja vya ujazo mdogo vikiwa vikubwa na vya ghali, vya ujazo mkubwa vikiwa vidogo. Muda wa kulipa ulikuwa mfupi, kwa hiyo aliyepata ni yule aliyekuwa na fedha mkononi: mfanyabiashara, mtumishi mwenye mkopo, mtu mwenye ndugu ughaibuni. Viwanja viliisha, vikapimwa vingine, na idadi ikapita kwa mbali ile 20,000 iliyokuwa kwenye jina. Mkopo wa Hazina ulirudi. Yale maneno matatu ya ubaoni yalitimia, na mtu akiniuliza kama ardhi inaweza kujilipia barabara, jibu langu ni kwamba nimeona ikifanya hivyo kwa macho yangu.

Nami nilinunua. Kiwanja cha mita za mraba 640, Kibada, kwa akiba yangu na mkopo wa chama chetu cha kuweka na kukopa. Nililipa bei iliyotangazwa, kwa risiti, kama kila mtu.

Mwaka 2009 nilirudi darasani, pale Chuo Kikuu cha Ardhi. Siku moja mwalimu alitundika ramani ya mji wa Ahmedabad, katika jimbo la Gujarat nchini India. Watu wa Gujarat si wageni kwetu. Maduka yao yapo Kisutu tangu enzi za babu zetu. Lakini jinsi mji wao unavyokata mashamba sikuwahi kuisikia mpaka siku ile. Mwalimu alituonyesha barabara ya kuuzunguka mji, kilomita 76, upana wa mita 60, iliyojengwa miaka ileile tuliyokuwa sisi Kibada na mikorosho. Akauliza: mnadhani walilipa fidia kiasi gani kupata ukanda huo wote? Tukataja mabilioni. Akatikisa kichwa.

Kule, mamlaka ya mji huchukua mashamba ya eneo zima na kuyaunganisha kwenye karatasi kana kwamba ni shamba moja. Kisha huchora upya. Kila mwenye shamba anatoa sehemu, kwa uwiano uleule: kiasi kwa ajili ya barabara, kiasi kwa bustani na shule, na kiasi, sheria yao inaruhusu hadi 15%, kinabaki mikononi mwa mamlaka ili kiuzwe baadaye kulipia ujenzi. Sehemu iliyobaki, labda zaidi kidogo ya nusu ya shamba lake la zamani, mwenyewe anarudishiwa, karibu na palepale alipokuwa, ikiwa imenyooka, imepimwa na inagusa barabara. Fidia ya kile alichokatwa inawekwa mezani pamoja na mchango anaotakiwa kuutoa kwa kuwa ardhi yake imepanda thamani, na mara nyingi moja hufuta nyingine. Ana kipande kidogo kuliko zamani, chenye thamani kubwa kuliko zamani. Barabara imepita kwake, na yeye bado yupo.

Mwalimu hakutuficha udhaifu wa utaratibu huo. Mipango hiyo huchukua miaka mingi, kesi ni nyingi, na anayelima shamba la kukodi hapati kitu kwa sababu jina lake halimo kwenye daftari. Lakini mimi sikuwa namsikiliza tena. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha mbao Dar es Salaam, na mbele yangu palikuwa na bibi wa Kibada, mchoro juu ya kapu, akisema nikatieni kimoja pale penye mwembe, hizo pesa zingine bakini nazo, mtengenezee njia. Mwanamke asiyejua kusoma alinieleza kwa sentensi mbili utaratibu ambao mji wa mamilioni ya watu ulikuwa ukiutumia wakati uleule kujenga kilomita 76 za barabara. Nami sikuuandika, kwa sababu haukuwa na nafasi kwenye fomu.

Likaja daraja. Kwa miaka mingi Kigamboni ilikuwa mjini kwa macho tu. Uliyaona maghorofa ya Posta, lakini kuyafikia ilikuwa pantoni au kuzunguka kwa Kongowe. Tarehe 19 Aprili 2016 Rais Magufuli alifungua daraja la mita 680 juu ya mkondo wa Kurasini, likaitwa jina la Nyerere. Fedha zake, 60% zilitoka NSSF, yaani akiba za uzeeni za wafanyakazi, na 40% zilitoka serikalini. Kuzirudisha, waliwekewa tozo wanaovuka kwa vyombo vya usafiri. Watu wa Kigamboni walilalamika, na mwaka 2022 tozo zikapunguzwa.

Tangu daraja lilipoanza kunyanyua nguzo zake, madalali walikuwa wakinipigia simu. Wiki ile ya ufunguzi nilikwenda kukitazama kiwanja changu. Nilikaa ndani ya gari, nikatoa karatasi, nikafanya kile ninachojua kufanya. Nilichukua bei tatu za viwanja jirani vilivyouzwa, nikarekebisha kwa ukubwa na mahali, nikapata bei ya soko. Halafu nikachukua fidia ya bibi, ambayo tarakimu zake sijazisahau, nikaipandisha kwa mfumuko wa bei wa miaka yote 13. Mita zangu 640 zilizizidi eka zake tatu pamoja na mikorosho 41, minazi 9 na mwembe.

Katika ongezeko lile sikuwa nimeweka hata tofali. Nilikuwa nimezungushia seng'enge tu. Mfanyakazi wa kiwanda cha nguo aliyekatwa mshahara kwa NSSF alichangia daraja. Muuza samaki anayevuka na pikipiki alichangia kila alfajiri. Mlipa kodi wa Sumbawanga, asiyeijua Kigamboni, alichangia. Mimi mwenye ardhi, ambaye daraja lilinitajirisha kuliko wote hao, sikuombwa chochote zaidi ya kodi ya pango la ardhi ileile ya kila mwaka. Hakuna aliyekuja kunigongea na kuniambia: mama, kiwanja chako kimepanda kwa sababu ya daraja letu, toa sehemu. Angekuja ningetoa. Ningekuwa na haki gani ya kukataa?

Hapo ndipo ninapotofautiana na wenzangu wanaosema kwamba Mradi wa Viwanja ulithibitisha kila kitu. Ulithibitisha nusu. Ulionyesha kwamba ardhi inaweza kulipa mara moja, siku ya kuuzwa, ikafungua barabara za udongo na kurudisha mkopo. Baada ya siku hiyo mlango ulifungwa. Lami ilipokuja, umeme ulipokuja, daraja lilipokuja, thamani yote ilimwangukia aliyekuwa na hati wakati huo, na barabara ikarudi kuomba fedha kwenye tozo ya mafuta na kwenye mikopo ya nje. Barabara kubwa inapandisha bei ya ardhi kuanzia siku inapotangazwa hadi miaka mingi baada ya kukamilika. Ukilikusanya ongezeko hilo siku moja tu, umevuna mkorosho msimu mmoja na kuziacha korosho za misimu mingine ziokotwe na wapita njia.

Na mwenye shamba wa kwanza hakuwemo hata katika msimu huo mmoja. Kosa hili lina gharama isiyo ya huruma tu. Baada ya watu kuona jinsi mambo yalivyokwenda, kila eneo tulilofika baadaye tulikuta wamejifunza. Usiku wa kuamkia uthamini mashamba yalikuwa yakipandwa miche mipya kama nywele, vibanda vikisimamishwa kwa bati za kuazima, mashamba yakikatwa vipande na kuuzwa kwa haraka kabla hatujafika. Tuliwaita wajanja. Walikuwa wanatafuta, kwa njia waliyoiweza, kile ambacho fomu haikuwapa. Mtu aliyehakikishiwa kiwanja kando ya barabara hana sababu ya kupanda miche ya fidia. Ana sababu ya kuiombea barabara ije upesi.

Sensa ya mwaka 2022 iliikuta Dar es Salaam na watu milioni 5.4, zaidi ya mara mbili ya wale wa sensa ya 2002. Barabara kubwa zinaendelea kuchorwa, na mbele ya kila mstari pana shamba la mtu. Wathamini wanaokwenda huko ni vijana, wengine niliwafundisha kazi mwenyewe. Wana simu zinazopiga picha kila mti na kuandika mahali ulipo. Hawahitaji ubao kifuani.

Bibi alifariki mwaka 2011, kabla daraja halijaanza kuonekana. Mwembe wake ulikatwa na mnunuzi wa kiwanja kile, ambacho hakikuwa changu. Changu kipo upande wa pili wa barabara, viwanja vinne kwenda chini.

Kwa hiyo ninyi mnaoshika kazi hii sasa, nina ombi moja. Fomu ya fidia ina safu ya mikorosho, ya minazi, ya nyumba na ya makaburi. Iongezeni safu ya kiwanja, na mwenye shamba akisema pale penye mwembe, andikeni pale penye mwembe.